Mama wa kambo akipunguza sukari, mtaa unasema ananyima watoto

Ilikuwa saa 12 kasoro asubuhi, chai ya rangi iko kwenye chupa na wote tuna haraka, mtoto wa kiume wa mume wangu, kipindi hicho ana miaka 9, akavuta kopo la sukari akaweka kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, alipokuwa anachota cha tano nikamshika mkono nikamwambia inatosha baba. Sikufoka, nakumbuka kabisa sikufoka. Yeye hakujibu kitu, akarudisha kile kijiko kwenye kopo taratibu, akasukuma kikombe mbele, akabeba begi lake akaenda shule bila kunywa. Jioni narudi kutoka sokoni, jirani yangu mmoja tunayesalimiana vizuri tu akanisogelea mlangoni akaniuliza kwa sauti ya chini, mayu (yaani mama), sukari imewaishia nikugawie?

Usiku ule sikulala. Maana binti yangu wa kumzaa asubuhi ile ile alikuwa ameweka vijiko vyake vitatu vya kujaa na mi sikumwona, au niseme tu ukweli, nilimwona nikanyamaza kwa sababu alikuwa ameamka anakohoa na nikamwonea huruma. Mwenzie naye alikuwa anaona.

Sasa ni miaka miwili imepita na nimeona niliandike hili kwa ajili ya wenzangu wanaolea watoto ambao hawakuwazaa. Ushauri mwingi wa afya tunaousikia redioni na kwenye video za simu unamfaa mtu ambaye watoto wake wote wana uhakika wa nafasi yao pale nyumbani. Utaambiwa toa sukari, toa soda, toa chipsi, punguza ugali, na kiafya hayo mengi ni sawa kabisa sibishi. Lakini nyumba yenye mtoto wa kambo kila unachokitoa mezani yeye anahesabu amenyimwa yeye, na mtaa unamsaidia kuhesabu, maana watu walishameza ule msemo wa mama wa kambo si mama hata kabla hujaolewa. Kwa hiyo maoni yangu ni haya, kwenye nyumba kama yetu usianze kupunguza chochote mpaka kwanza umeongeza kitu, na ukija kupunguza anza na sahani yako na ya mwenzio, ya mtoto iwe ya mwisho.

Nieleze kidogo tunavyoishi ndo mtanielewa. Tuko Mwanza upande wa Buhongwa, watoto wanne, wawili wa mume wangu, msichana miaka 13 na huyo wa kiume sasa ana 11, mmoja wangu nilikuja naye ana 9, na mdogo wetu wa pamoja ana 3. Mimi nauza nguo za mitumba soko la Mlango Mmoja, siku ya kufungua belo lazima niwahi sana maana wateja wa kuchagua grade A hawasubiri mtu, nikirudi ni saa 1 usiku na daladala zimejaa. Mume wangu ni dereva wa lori, leo Geita kesho Bukoba, kwa hiyo siku nyingi nyumbani niko mimi na watoto wake na yeye hayupo kuona nimewapa nini.

Kilichotuamsha ni presha yake. Alienda kupima baada ya kichwa kumuuma safari nzima, akakuta iko juu, akaambiwa chumvi ipungue na uzito upungue. Nikaanza kufuatilia, Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo ya kwenye mboga, kwenye mkate na ile unayonyunyiza juu ya samaki. Sukari ya kuongeza wanashauri ikae chini ya gramu 25 hivi kwa siku ukitaka faida zaidi, kama vijiko sita vya chai, wakati soda moja ya kola ya mililita 350 peke yake inazidi gramu 35. Nilipiga hesabu ya nyumba yangu nikaogopa sana, na kwa ile hofu ndo nikaenda kumshika mtoto mkono asubuhi. Sababu nilikuwa nayo, ila nilianzia kwa mtu ambaye hata presha hana.

Kilichorekebisha ni mume wangu mwenyewe. Niliacha kuongea nikamsubiri arudi, jumapili moja tumekaa wote tunakula, akachukua kile kichupa cha chumvi ambacho huwa kinakaa mbele yake akampa binti yake akamwambia mama, kakiweke kabatini, dokta kanikataza na nikikiomba usinipe. Basi. Hakuhutubia wala hakutaja sukari. Yule binti alikificha kweli, na baba yake aliposahau akakiomba siku ya pili alimkatalia mbele yetu wote na mwenyewe akacheka akala hivyo hivyo. Kuanzia siku hiyo afya ikawa shughuli ya watoto kumlinda baba yao, haikuwa tena amri ya mama mdogo. Ndo maana nawaambia wanaume, kama umeoa na una watoto, usimwachie mkeo mpya kazi ya kukataza halafu wewe ukija wikiendi unakuja na kreti la soda uonekane mwema. Unamuumiza mkeo na watoto pia unawaumiza.

Upande wa kuongeza, sisi wa Mwanza hatuna cha kusingizia. Dagaa wako pale mwaloni Kirumba, unakula mzima na mifupa yake ambayo ina kalsiamu ya kutosha, shida yetu ni kuwaogesha kwenye mafuta mpaka wanakauka. Mi nawakaanga kavu bila mafuta kwanza wakolee harufu, afu nyanya na vitunguu vingi na limao mwishoni, chumvi naweka kidogo sana limao linafidia. Tena ni vizuri kujua kwamba dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa wanapungua na bei inapanda, mi nanunua wakavu giza likiwepo naweka akiba. Uji nimehamia wa mtama na karanga, mlenda tunakula, nsansa (mboga ya majani iliyokaushwa) nikipata kwa wamama wa Magu naunga na karanga. Na tunda kila siku, liwe papai au chungwa au embe msimu wake, linakatwa kabla ya chakula sio baada, mtoto akirudi na njaa analikuta. Kwa jinsi hiyo sukari ya chai ilishuka yenyewe, yule aliyekuwa anaweka vijiko vitano leo anaweka viwili na sijamwambia neno tena tangu asubuhi ile.

Kuna jambo la samaki nalo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ukinunua sato wawili kwa watu sita lazima wakatwe, na sato akishakatwa kuna kichwa, kuna pande la katikati lenye nyama, kuna mkia wenye miiba. Sasa mama wa kambo ndo kashika mwiko. Hata ugawe kwa haki ya namna gani, yule aliyepata mkia atakuangalia tu, na kama aliyepata pande la katikati ni yule uliyemzaa basi usiku huo ana la kufikiria. Niligawa hivyo mwaka mzima na roho inanidunda kila jioni. Siku moja nilikuwa nimechoka mno, miguu imevimba, nikamwambia yule mkubwa naomba nisaidie kugawa, na anayegawa anachukua wa mwisho. Akainama juu ya sufuria kama fundi saa, akachomoa mwiba mkubwa kwenye pande la mdogo wake wa miaka 3, akambandika na kipande cha shavu la kichwani kile chenye nyama laini, mwanangu akampa katikati, mdogo wake wa kiume akampa katikati, mimi kichwa, yeye akabaki na mkia. Nikauvuta mkia wake nikauleta kwangu nikampa kichwa, akasema hapana mama mdogo, wewe umeshinda kazini kutwa. Hapo ndo nilijua huyu mtoto alikuwa ananiona siku zote. Siku hizi kugawa ni zamu, na mboga za majani zinajaa sahani bila ugomvi maana hakuna tena anayekagua sahani ya mwenzie.

Huyu binti ni mnene. Nasema kwa upendo na nimemwomba ruhusa kuandika. Kuna ndugu akija nyumbani lazima amwite bonge, afu anageuka kwangu anasema mama mdogo anakulisha vizuri, wiki nyingine huyo huyo anasema mtoto kapungua wanamlisha nini huko. Mi nimekataza kabisa mwili wa mtoto kutajwa ndani ya nyumba yangu, na mzazi wa kambo ndo anatakiwa aogope hili kuliko wote, sababu neno moja kuhusu mwili likitoka kwako atalibeba mpaka uzeeni. Simpimi uzito na wala simtengei chakula chake peke yake. Anakula tunachokula na anatembea tunapotembea.

Na kutembea tunatembea. Watoto wa umri wa shule wanatakiwa wauchangamshe mwili angalau dakika 60 kwa siku, mtu mzima dakika 150 kwa wiki, mi nilikuwa nakaa kwenye stuli kutwa nzima nakula chipsi mayai saa 9 alasiri. Sasa hivi nashuka daladala vituo viwili kabla, na jumapili jioni tunapanda wote mawe ya mlimani nyuma ya nyumba mpaka ziwa linaonekana. Kule juu ndo wanaongea. Nyumbani kila mtu ana kazi, huyu anaosha vyombo huyu anafanya homework, ila ukitembea na mtoto bega kwa bega hamuangaliani usoni na maneno yanatoka yenyewe, ndo huko yule wa kiume aliniambia ile asubuhi ya sukari alidhani nataka aondoke.

Kuogelea ndo hapo tuligombana kweli. Wavulana wanapenda kushuka ziwani upande wa Nyegezi, ni zoezi zuri na raha yao, lakini kichocho kipo pembezoni mwa ziwa letu, vijidudu vinatoka kwa konokono wa maji ya kina kifupi na vinapenya ngozi nzima isiyo hata na kidonda. Watu wa huku wanajidanganya kwamba mbona sikojoi damu, wakati kichocho cha tumbo kinakula utumbo na ini kimya kimya. Dawa ya prazikwanteli wanayopewa shuleni inaua minyoo iliyomo, haikukingi usipate tena ukirudi majini kesho. Nilimkataza yule wetu wa kiume akaniambia wewe sio mama yangu. Iliuma. Nikamjibu ni kweli mimi sio mama yako, na majini bado huendi, afu nikampigia baba yake na baba yake akasema hivyo hivyo bila kuzunguka. Kwa hiyo sisemi mzazi wa kambo asikataze kitu, hapana, ila nilikuwa nimetumia mamlaka yangu yote kwenye kijiko cha sukari, na siku la maana lilipokuja nikakuta mtoto kashachoka kunisikia.

Nimebakiza mtu mmoja. Mama yao yupo, anaishi Sengerema, likizo watoto wanaenda kwake. Mwanzo walikuwa wakirudi najisikia kama kazi yangu yote imebomolewa, soda kila siku, kulala saa 6 usiku, nikawa nanung'unika moyoni mpaka nikajikuta nawauliza watoto kule mmekula nini kama polisi, kosa kubwa sana hilo, usimfanye mtoto shahidi dhidi ya mama yake. Nikaomba namba kwa mume wangu nikampigia mwenyewe, nikamsalimia dada shikamoo maana ananizidi umri, nikamweleza presha ya baba watoto na kwamba dokta alisema watoto wa mtu mwenye presha nao waangaliwe wasizoee chumvi. Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekata. Afu akasema sikujua kama anaumwa, asante kunambia.

Likizo iliyopita nimeenda kuwapokea kivuko cha Kamanga. Yule wa kiume kashuka amekumbatia mfuko wa rambo umefungwa kwa kamba, hataki mtu ambebee. Ndani ni matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa vikakatwa na kuanikwa, amekausha mama yao mwenyewe. Akanikabidhi mkononi, akasema mama kasema hizi ni za kula asubuhi na chai, na kasema zina utamu wake wewe usihangaike na sukari.