Nusu ya Galari Inalaumiwa Bure

Mpiga picha wa ridhaa akikaribishwa kuonyesha kazi zake kwenye galari, yaani ukumbi wa kuonyesha na kuuza sanaa, mazungumzo hukwama mahali pamoja: kamisheni. Anaambiwa galari itabaki na asilimia 50 ya kila picha itakayouzwa, naye anauliza, kwa haki kabisa, ni kwa jasho gani. Kamera ameinunua yeye kwa kujinyima. Ameamka alfajiri kuwahi mwanga wa bandarini, akasafisha picha kwa fedha zake, akalipa fundi wa fremu. Galari imetoa ukuta na misumari. Vijana wengi wameshaamua kwamba galari ni dalali kama dalali wengine, tena ghali, na kwamba siku hizi Instagram inatosha. Hasira yao naielewa, ila nadhani wanamkasirikia asiyehusika.

Kwanza tuwape haki yao, maana hesabu iko upande wao kuliko galari nyingi zinavyopenda kukubali. Tuseme picha moja inauzwa shilingi 40,000 za Kenya. Kuichapa kwenye karatasi nzuri ya pamba, isiyogeuka manjano baada ya miaka michache, na kuitia fremu yenye kioo, kumemgharimu mpiga picha 14,000. Picha inauzwa, galari inachukua 20,000, naye anapata 20,000. Ukitoa gharama zake, anabaki na 6,000 mkononi. Mwenye ukuta amepata zaidi ya mara tatu ya aliyepiga picha. Anayesema huu ni unyonyaji hajakosea hesabu.

Ila hesabu hiyo ni ya picha iliyouzwa, na picha haziuzwi zote. Maonyesho ya mtu mmoja huenda yakawa na picha kumi. Zikiwa ukutani zote zimeshakula 140,000. Tuseme zimeuzwa mbili, jambo la kawaida kwa mtu asiyejulikana. Kwa nusu kwa nusu atapata 40,000, kwa hiyo amepoteza 100,000. Sasa fanya galari iwe na moyo wa sadaka, isichukue hata senti. Mpiga picha atapata 80,000 na bado atakuwa amepoteza 60,000. Nimeigeuza hesabu hii kila upande, na kila mara inanirudisha hapohapo: kamisheni ikifutwa kabisa, huyu kijana bado yuko kwenye hasara. Kilichomwangusha ni picha nane zilizorudi nyumbani zikiwa zimefungwa kwa magazeti.

Kwa hiyo swali la maana ni nani atakayeziuza hizo nane, na hapo ndipo kazi halisi ya galari inapoanza, kazi ambayo mgeni wa usiku wa ufunguzi haioni. Galari iliyo makini haizirudishi siku maonyesho yanapokwisha. Huziweka stoo, ikamwonyesha mwanasheria anayepamba ofisi mpya, ikamwandikia mkusanyaji aliyenunua kitu kinachokaribiana nazo mwaka uliopita, ikazibeba kwenda kwenye maonyesho ya biashara ya sanaa ambako kukodi kibanda pekee kunatisha. Inalipa pango kila mwezi, picha ziuzwe zisiuzwe. Mpiga picha anayeuza mwenyewe kwa ujumbe wa simu ana wafuasi wengi kuliko galari yoyote mjini, lakini wengi wao wakiipenda picha huomba watumiwe faili. Kumfikisha mtu mahali pa kutoa 40,000 kwa kitu anachoweza kukitazama bure kwenye simu ni kazi ya miaka, na inafanyika uso kwa uso.

Kwetu kazi hiyo ni nzito zaidi, kwa sababu picha tumeijua muda mrefu kama huduma. Capital Art Studio ya Unguja ipo tangu 1930, na kizazi hadi kizazi watu wameingia studio za namna hiyo, wakakaa vizuri, wakalipa, wakaondoka na sura zao. Unanunua picha kwa sababu wewe umo ndani. Kununua picha ya mtu usiyemjua, ili uitazame kwa miaka ishirini, ni tabia nyingine, na tabia hujengwa. Kwenye picha zilizochorwa, galari za Nairobi zimeshaijenga kwa sehemu kubwa. Kwenye picha za kamera ndiyo kwanza zinaanza, na kila anayewashawishi wenzake wazikimbie anauchelewesha ujenzi huo.

Wapinzani wana mfano mmoja mzito, na sitaki kuuruka: mpiga picha Seydou Keïta wa Bamako, Mali. Alifunzwa useremala, akapewa kamera ndogo ya Brownie na mjomba wake mwaka 1935, akajifunza mwenyewe, na mwaka 1948 akafungua studio. Mwaka 1991 picha zake zilitundikwa New York kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Afrika bila jina lake. Ziliandikwa kuwa za mpiga picha asiyejulikana. Ndipo André Magnin, mwandaaji wa maonyesho kutoka Ufaransa, alipofunga safari hadi Bamako na kumpata, na mwaka 1994 Fondation Cartier, taasisi ya sanaa ya Paris, ikamfanyia maonyesho ya peke yake. Picha alizozichapa kwa wateja wake zikiwa ndogo, sentimita 13 kwa 18, zikaanza kuuzwa kwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani zikiwa zimekuzwa mno. Keïta alifariki mwaka 2001, na ukafuata mgogoro mkali juu ya nani mwenye haki na negativi zake, yaani filamu asilia zinazochapiwa picha, na zipi kati ya picha zilizouzwa alikuwa ameziidhinisha.

Kisa hiki husimuliwa kama ushahidi dhidi ya galari. Mimi nakisoma tofauti. Aibu ya 1991 ilitokea wakati picha zilipokuwa zikisafiri bila mtu yeyote mwenye jukumu la kulinda jina lake. Na mgogoro wa baadaye haukuwa wa asilimia. Ulikuwa wa karatasi: idadi ya nakala, ukubwa wa kila nakala, sahihi, na negativi kubaki kwa nani. Mkataba mzuri hujibu maswali hayo mwenye kazi akiwa hai. Vivian Maier, yaya wa Chicago aliyepiga picha zaidi ya 100,000 bila kuzionyesha, hakuwa na galari yoyote ya kumnyonya. Vitu vyake vilipigwa mnada mwaka 2007 kwa sababu kodi ya stoo haikulipwa, akafariki mwaka 2009, na picha zipi zimwakilishe duniani waliamua watu ambao hakuwahi kuwachagua.

Hapo kuna faida nyingine ya galari ambayo haiingii kwenye hesabu. Mtu wa ridhaa ana maelfu ya picha na anazipenda zote, kwa sababu anakumbuka baridi ya asubuhi ile na safari yenyewe. Anamhitaji mtu asiyekuwepo siku hiyo, amwambie kumi hizi zinazungumza pamoja, na ile iliyopata sifa nyingi mtandaoni iache. Mfaransa Jacques Henri Lartigue alipiga picha tangu utotoni, lakini alijiita mchoraji, si mpiga picha. John Szarkowski, mkuu wa idara ya picha wa MoMA, jumba la sanaa ya kisasa la New York, alipozipanga na kuzionyesha huko mwaka 1963, Lartigue alikuwa na miaka 69. Kwetu Kenya, mpiga picha Thandiwe Muriu, aliyejifunza kamera akiwa na miaka 14 kwa baba yake, leo mfululizo wake wa wanawake wanaozama ndani ya vitambaa vya rangi unawakilishwa na 193 Gallery ya Paris. Mtazamaji anaukumbuka kwa sababu ni mfululizo mmoja unaoshikamana.

Wanaonyonya kweli wapo, na hawachukui nusu. Hao humwandikia kijana kwa sifa tele, wakamwalika kwenye maonyesho ya mji wa mbali, kisha wakamtumia ankara ya mita zake za ukuta. Anayetoza ukuta ameshapata faida yake kabla mlango haujafunguliwa. Picha isipouzwa haimuumi. Anayesubiri nusu ya mauzo huumia pamoja nawe. Kwangu mimi hiyo nusu, kwa ukubwa wake wote, ndiyo dalili kwamba mtu huyu ana sababu ya kuhangaika.

Kwa hiyo nasimama upande wa nusu kwa nusu, kwa sharti: gharama za kuchapa na fremu zitolewe kwanza, ndipo kinachobaki kigawanywe. Kwenye picha yetu ya 40,000, zikitoka 14,000 zinabaki 26,000, kila mmoja 13,000. Faida ya mpiga picha inapanda kutoka 6,000 hadi 13,000, na asilimia haijaguswa. Zipo galari zinazokubali hivyo, na zipo zinazolipia uchapaji zenyewe zikiiamini kazi. Anayeanza asikimbilie picha kumi peke yake. Apeleke mbili kwenye maonyesho ya pamoja, kwenye kumbi za Alliance Française au Goethe-Institut, au Nafasi Art Space kwa walio Dar es Salaam, ambako hasara yake ni ya picha mbili.

Na adai risiti yenye jina la mnunuzi na namba ya nakala. Tangu 2019 sheria ya hakimiliki ya Kenya inampa msanii asilimia 5 kazi yake ya sanaa inapouzwa tena kibiashara. Nakala iliyouzwa kwa ujumbe wa simu na kulipiwa M-Pesa, bila namba wala kumbukumbu, msanii atamdai nani asilimia hizo miaka kumi na tano ijayo?