Jeshi la Tabora halikujibeba lenyewe

Meza ya mchezo wa vita wa visanamu iliyopangwa hapa Bukavu mwezi huu, kuhusu Wabelgiji kuiteka Tabora kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916 katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ilipendeza macho. Askari wa Force Publique (jeshi la kikoloni la Kongo ya Wabelgiji) karibu 60, tarbushi nyekundu, bunduki za rashasha za Maxim mbili, mzinga mmoja wa milimani, maofisa na kofia zao za jua. Ukitafuta mpagazi kutoka ukingo huu wa meza hadi ule, humpati hata mmoja. Hilo limeniuma, na sitalinyamazia.

Jeshi lile lilifikaje Tabora? Kigali ilishikwa tarehe 6 Mei 1916, Tabora tarehe 19 Septemba. Katikati hapo kuna milima, mabonde ya matope, na pori la mbung'o wanaoua ng'ombe na punda. Kila sanduku la risasi, kila gunia la chakula, kila kipande cha mzinga kilipita juu ya kichwa au mgongo wa mtu. Waliotumikishwa kubeba upande wa Kongo walizidi 200,000. Ng'ambo nako ni vilevile: kompania moja ya Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, ilikuwa na askari kati ya 160 na 200, na wapagazi wapatao 250. Wabebaji walizidi wapiganaji! Dar es Salaam wana Kariakoo, jina lililotoka kwenye Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza, na kila anayekwenda sokoni pale anawataja bila kujua. Sisi tunaocheza vita hii mezani, huku Kivu ilikopita, ndio wa mwisho tunaopaswa kuwasahau.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wapagazi wanachosha kupaka rangi na hawapigi dadu za kusisimua. Nakubali pia kwamba watengenezaji wengi hutoa pakiti nyingi za askari na chache za wapagazi. Basi tuwatengeneze wenyewe.

Hesabu kwanza. Ukicheza kisanamu kimoja kwa watu 10, kompania yako ina visanamu 16 hadi 20, na wapagazi wanaostahili ni 25. Hawatoshi mfukoni? Weka 12, watatu kwa kila kitako (kibao wanachosimamia) cha milimita 60 kwa 40. Vitako vinne vinapita mezani kwa urahisi, na bado mstari wa safari unaonekana.

Mtu wa kumgeuza ni yeyote aliye peku na mwenye kiuno chepesi: raia, mvuvi, hata mpiganaji wa mkuki. Mkuki ukate kwa koleo pande zote mbili za ngumi, kisha toboa ngumi ikibidi ishike fimbo. Mkono ulioinuliwa kurusha mkuki ni hazina, kwa sababu ukiuzungusha kidogo begani unashika mzigo kichwani. Kama ni wa chuma, upinde mara moja tu, polepole. Ukiupinda ukaurudisha, utakatika kwapani, na pale gundi peke yake haishiki. Toboa kwa keekee ya mkono, ingiza waya wa milimita 0.8 (kibanio cha karatasi kinatosha), ndipo ugundishe.

Sasa mzigo, maana hapa ndipo wengi wanaharibu. Kwa visanamu vya milimita 28 tunahesabu kipimo cha moja kwa 56. Sanduku la sentimita 60 kwa 30 kwa 25 linakuwa milimita 11 kwa 5 kwa 4 na nusu. Nimeona masanduku ya milimita 20, yaani mtu anabeba kabati la zaidi ya mita moja. Kata kijiti cha mti laini, kipake gundi nyeupe iliyochanganywa na maji kabla ya rangi, la sivyo mti utakunywa rangi na nyuzi zitasimama. Gunia ni donge la epoksi (udongo wa kufinyanga unaokauka ukawa mgumu) lililobonyezwa pembe nne. Hema ni karatasi iliyoviringishwa na kufungwa kwa uzi.

Usigundishe sanduku kichwani moja kwa moja. Eneo linalogusana ni dogo mno, na mzigo utaanguka mara ya kwanza kisanamu kinapoinuliwa, kwa sababu kila mtu anakishika kwa mzigo. Chimba tundu utosini, pitisha waya hadi shingoni, mzigo ukae juu ya waya huo. Kati ya kichwa na sanduku weka ngata: uzi mwembamba wa epoksi uliozungushwa duara. Bila ngata, sanduku linaelea, na mtu yeyote aliyewahi kumwona mama akitoka sokoni ataona kwamba kuna kitu hakipo. Na shingo iwe wima, macho mbele. Kichwa kilichoinama chini ya sanduku ni kosa. Ukikiona, kikate na ukiweke upya.

Mzigo wa mgongoni ni jambo jingine. Tazama wanawake wanaopandisha mizigo kutoka soko la Kadutu hapa Bukavu. Kamba imepita kwenye paji la uso, mgongo umeinama, mikono miwili imeshika kamba karibu na masikio, miguu imepanuka kidogo. Ndiyo picha ya mlima. Kwa kamba hiyo tumia ukanda wa karatasi wa milimita moja kwa upana, uliolowa gundi nyeupe, maana karatasi inalala vizuri kwenye paji. Bati la kopo la soda linarudi nyuma kama springi.

Mizigo mizito hubebwa na wawili au zaidi kwa mti. Mti wa mita 2 na nusu ni milimita 45 za waya mnene wa milimita moja na nusu. Mabega ya wabebaji lazima yawe kimo kimoja, kwa hiyo wapange kwanza kwenye kitako bila gundi, inua mfupi kwa kipande cha kadibodi chini ya nyayo, ndipo ukate waya. Hivi ndivyo mzinga wa milimani uliofunguliwa vipande unavyopaswa kusafiri mezani.

Kuhusu askari wenyewe nitakuwa mfupi. Kampuni ya visanamu ya Foundry wana safu ya Afrika aliyoichonga Mark Copplestone, na kwa vita vya 1914 hadi 1916 inasaidia sana. Ukikosa, chukua Wamisri wa kampuni ya Perry wa vita vya Sudan. Tarbushi wanayo, na bunduki yao ya Remington haina kasha la risasi linalotokeza chini, kwa hiyo inapita kama bunduki ya Albini ya Force Publique. Ukitumia kisanamu chenye Mauser, lichonge kasha hilo kwa wembe. Kinachobaki ni viatu, maana askari wetu walitembea peku. Kata kwenye kifundo, ingiza waya, jenga mguu wa milimita 4 na nusu kwa epoksi ya kijani. Ile epoksi ya utepe ina mstari katikati ambapo rangi mbili zinagusana. Kata milimita mbili za hapo uzitupe, zimeshakauka na zitaleta chembe. Changanya nusu kwa nusu, paka mafuta kwenye wembe, ngoja kama dakika 40 ndipo uchore vidole. Ukiwahi, vinazibana. Epoksi ya mafundi bomba inayouzwa kwenye kenkayeri (duka la vifaa vya ujenzi) inafaa magunia tu, kwa vidole inakauka kabla hujamaliza mguu wa pili.

Rangi: sare ya bluu ya nili na ukumbuu mwekundu ni ya mwanzo wa vita, mwaka 1914. Kati ya 1915 na 1917 kaki ilichukua nafasi, kwa hiyo mbele ya Tabora changanya, kaki ikiwa nyingi. Kung'arisha nili ongeza kijivu. Nyeupe inaleta bluu ya sare za shule. Tarbushi ing'arishwe kwa rangi ya chungwa. Na tafadhali, ngozi isipakwe nyeusi tupu. Anza na kahawia iliyokolea yenye wekundu, panda kwa ocha (manjano ya udongo) kidogo kidogo, viganja na nyayo viwe vyepesi zaidi. Watu 25 wasifanane rangi. Sisi wenyewe hatufanani.

Kuagiza: njia ya kutumainiwa ni kupitia Kigali hadi Kamembe, kisha kuvuka Ruzizi. Kisanamu cha chuma kina uzito wa gramu 15 hivi na cha plastiki ni chepesi zaidi sana, kwa hiyo agiza askari wa chuma wachache na wapagazi wote wa plastiki.

Mwisho, mizigo ya ardhini. Tengeneza masanduku na magunia sita zaidi, kila kimoja kwenye kitako chake cha milimita 20. Wapagazi wakikimbia risasi, waondoe, weka mzigo pale waliposimama. Kompania isiyo na kitako cha wapagazi ndani ya sentimita 30 inapiga raundi mbili tu za Maxim, basi. Ikitaka zaidi, itoe askari wanne waache bunduki, wakachukue sanduku lile, waliweke kichwani.