Sili wa Kanada na marufuku isiyo na mlango wa kurudi

Kila mjadala wa uwindaji wa sili, mnyama wa baharini mwenye manyoya na mapezi, unapofufuka, picha inayotangulia ni ileile: mtoto wa sili, mweupe pe, macho meusi makubwa, amelala juu ya barafu, na kando yake mtu mwenye rungu. Ni picha nzito na ilifanya kazi yake. Lakini mtoto huyo mweupe haruhusiwi kuwindwa kibiashara nchini Kanada tangu 1987. Anayewindwa leo ni yule aliyekwisha kupukutisha manyoya meupe, ambaye mama yake alimwachisha ziwa akiwa na siku kama kumi na mbili na kumwacha ajitafutie. Bado ni mdogo, wengi hawajafikisha miezi mitatu, na mtu ana haki ya kuona hilo nalo ni baya. Ila hiyo ni hoja nyingine, na ingefaa ijadiliwe kwa picha yake yenyewe.

Habari ya uwindaji huu, na ya marufuku ya Umoja wa Ulaya dhidi ya bidhaa za sili, imetufikia kupitia upande mmoja. Upande wa pili una wavuvi wa Newfoundland na Labrador, jimbo la mashariki mwa Kanada, wa visiwa vya Madeleine vilivyo katika Ghuba ya St. Lawrence, na kaskazini kabisa, Wainuit wa Nunavut, watu wa asili wa huko. Hawana waigizaji wa sinema wa kuwasemea. Wapinzani walimpata Brigitte Bardot, mwigizaji wa Ufaransa, aliyekwenda kwenye barafu mwaka 1977, na baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa mvuvi wa kijijini kusikika.

Tuwatendee haki wapinzani kwanza, maana si watu wa machozi matupu. Swali lao kubwa ni mateso. Mwaka 2001 timu ya madaktari wa mifugo iliyopelekwa na shirika la kutetea wanyama la IFAW ilichunguza mafuvu ya sili waliouawa, ikasema asilimia 42 hayakuonyesha pigo la kutosha kumhakikishia mnyama kupoteza fahamu. Mwaka uliofuata madaktari wengine, wakiandika katika jarida la madaktari wa mifugo la Kanada, wakasema asilimia 98 ya mauaji waliyoyashuhudia yalikuwa ya kukubalika. Mwaka 2007 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ikapita katikati: sili anaweza kuuawa haraka na bila mateso yasiyo ya lazima, lakini si kila mara inakuwa hivyo. Kwangu hiyo ya tatu ndiyo iliyo karibu na ukweli. Mtu anapiga risasi akiwa juu ya mashua inayoyumba, shabaha yake iko juu ya bamba la barafu linaloyumba pia. Kanada iliweka hatua tatu za lazima: mpige, hakikisha fuvu limevunjika, kisha mtoe damu kabla ya kumchuna. Kanuni ni nzuri, lakini msimamizi hawezi kuwa kwenye kila bamba la barafu.

Wana hoja nyingine ambayo wavuvi hawapendi kuijibu. Soko la nyama ya sili ni dogo, kwa hiyo ngozi na mafuta huchukuliwa, mapezi huliwa (mikate ya mapezi ya sili ni chakula cha msimu huko Newfoundland), na sehemu kubwa ya mzoga hubaki barafuni. Kwa watu wanaosema wanaishi kwa kuheshimu bahari, hilo linauma.

Kisha inakuja hesabu, na hapa ndipo nina ugomvi nao.

Hesabu inayopendwa ni asilimia 5. Hicho, wanasema, ndicho kiasi ambacho sili huchangia kwa wastani katika kipato cha mwaka cha mvuvi anayewinda. Kinachobaki hutoka kwa kaa, kambakoche na samaki. Kwa jimbo zima mchango wake hata haufiki asilimia 1 ya uchumi. Serikali ya Kanada kwa upande wake imekuwa ikitaja asilimia 25 hadi 35 kwa baadhi ya wawindaji. Si lazima mmoja wao awe mwongo. Ukiigawa fedha yote kwa kila mwenye leseni, akiwemo yule ambaye mwaka huo hakutoka bandarini, utapata namba ndogo. Ukimtazama aliyepata msimu mzuri, utapata kubwa. Kila upande umechagua mtu wake.

Haya, tukubali asilimia 5. Asilimia haikuambii fedha iliingia lini. Sili huwindwa Machi na Aprili, mwisho wa majira marefu ya baridi ambapo bandari nyingi za kaskazini mashariki mwa Newfoundland zimezibwa na barafu na hakuna cha kuvua. Akiba imeisha. Na wakati huohuo ndipo mvuvi anatakiwa kununua mafuta, kukarabati injini, kutengeneza madema ya kaa na kulipia leseni, kabla kaa wa kwanza hajapanda mashuani. Yeyote aliyelipa karo mwezi Januari anajua kwamba shilingi elfu hamsini ya mwezi huo si elfu hamsini ya Julai. Fedha ya sili ndiyo iliyokuwa ikiisukuma mashua kwenda kwenye kaa. Kuikata na kusema umeondoa asilimia 5 tu ni kuhesabu vizuri na kuelewa vibaya.

Kuna historia nyuma ya jambo hili. Kwa vizazi vingi mvuvi wa Newfoundland alichukua unga, chumvi na nyavu kwa mkopo kutoka kwa mfanyabiashara, akalipa kwa samaki, na mara nyingi mwaka ukaisha bila kushika noti mkononi. Safari ya sili ilikuwa mojawapo ya kazi chache zilizompa fedha taslimu. Ndiyo maana wanaume walipigania nafasi melini, ingawa walijua kilichokuwa kinawasubiri. Mwaka 1914 wawindaji wa meli ya SS Newfoundland waliachwa barafuni katika dhoruba ya theluji, 78 walikufa. Katika dhoruba hiyohiyo meli ya Southern Cross ilipotea na watu wote 173 waliokuwamo. Hata mwaka 2008, mashua ya L'Acadien II kutoka visiwa vya Madeleine ilipinduka ikiwa inavutwa na meli ya walinzi wa pwani, wakafa wanne. Hakuna anayeingia kwenye barafu ya Machi kwa starehe.

Halafu likaja pigo la 1992. Tarehe 2 Julai mwaka huo waziri wa uvuvi wa Kanada, John Crosbie, alifunga uvuvi wa chewa wa maji baridi, yule ambaye mafuta ya ini lake yanauzwa hadi maduka ya dawa ya kwetu. Watu wapatao 30,000 walipoteza kazi kwa tangazo moja. Samaki walikuwa wamemalizwa, kwanza na meli kubwa za kigeni, kisha na za Kanada yenyewe kwa viwango vya uvuvi ambavyo serikali iliviidhinisha. Mashua zilizobaki zikageukia kaa, uduvi na sili. Yaani wakati dunia inawaambia wavuvi hawa watafute kazi nyingine, tayari walikuwa wamefukuzwa kwenye ile ya kwanza.

Marekani ilikuwa imeshafunga mlango tangu 1972. Jumuiya ya Ulaya ikazuia ngozi za watoto weupe mwaka 1983. Soko likaja kufufuka, na mwaka 2006 ngozi bora ilifika zaidi ya dola 100 za Kanada. Sili zaidi ya 350,000 waliwindwa mwaka huo. Mwaka 2009, Umoja wa Ulaya ulipopitisha marufuku ya bidhaa zote za sili, ngozi ilikuwa imeanguka hadi kama dola 15 na waliowindwa hawakufika 80,000. Haki itendeke: bei ilianza kushuka kabla ya kura ya Brussels, na msukosuko wa uchumi wa dunia ulichangia. Lakini mnunuzi anayejua soko linakwenda kufungwa hasubiri siku ya kufungwa ndipo aache kununua.

Watetezi wa marufuku husema: Wainuit waliachiwa. Ni kweli kwenye karatasi. Kanuni za 1983 na 2009 zote ziliwapa msamaha watu wa asili wanaowinda kwa desturi yao. Angalia kilichotokea. Wainuit wa Kanada kwa sehemu kubwa huwinda aina nyingine ya sili, mwenye alama za pete, na hawakuwa wakiwawinda wale watoto weupe wa kwenye picha. Nyama wanakula, ngozi wanauza ili wanunue risasi na mafuta ya kwenda kuwinda tena. Baada ya 1983 ngozi zao nazo zilikosa wanunuzi. Mnunuzi wa Paris hakuuliza sili ni wa aina gani wala ameuawa na nani. Alichojua ni kwamba sili ni aibu. Huwezi kuua soko kisha ukawapa baadhi ya watu ruhusa ya kuuza ndani yake. Mwaka 2009 Gavana Mkuu wa Kanada, Michaëlle Jean, mzaliwa wa Haiti, alikata na kula kipande cha moyo mbichi wa sili akiwa na Wainuit huko Rankin Inlet, na Ulaya ikashtuka. Miaka mitano baadaye Greenpeace Kanada iliwaomba radhi Wainuit kwa madhara ya kampeni zake. Radhi ilipokelewa, bei ya ngozi haikurudi.

Na Ulaya yenyewe? Sweden na Finland hupiga sili wa Bahari ya Baltiki kwa vibali kwa sababu wanararua nyavu na kula samaki wa wavuvi wao. Hadi 2015 kulikuwa na upenyo mdogo wa kuuza bidhaa za sili waliouawa hivyo, ukazibwa. Kwa hiyo kuua ruksa, kuuza marufuku. Sijui ni maadili gani yanayoona mzoga uliotupwa ni safi kuliko mzoga uliouzwa.

Neno maadili silitumii ovyo, kwani ndilo lililoamua kesi. Kanada na Norway zilipeleka shauri katika Shirika la Biashara Duniani (WTO), na mwaka 2014 chombo cha rufaa kikakubali kwamba hisia za umma wa Ulaya kuhusu wanyama zinaweza kuhalalisha marufuku. Kilichokosolewa ni jinsi msamaha wa watu wa asili ulivyotekelezwa, kwani uliwafaa Wainuit wa Greenland kuliko wa Kanada. Ulaya ikarekebisha msamaha, marufuku ikabaki.

Linganisha na sangara wa Ziwa Victoria. Mwaka 1999 Ulaya ilifunga soko kwa samaki wa Tanzania, Kenya na Uganda kwa sababu ya uvuvi wa sumu. Viwanda vilisimama na mialo ikakaukiwa. Lakini kulikuwa na masharti: pimeni, kagueni, thibitisheni. Masharti yakatimizwa, soko likafunguliwa. Mvuvi wa Newfoundland hakupewa sharti. Akibadili silaha, akipunguza idadi, akifuata hatua zote tatu mbele ya daktari wa mifugo, jibu ni lilelile, kwa kuwa kosa lake si namna anavyofanya bali kwamba anafanya. Sisemi Ulaya haina haki ya kukataa bidhaa inayoichukiza. Ninachosema ni kwamba aliyeambiwa aache kazi halali nchini mwake, isiyomaliza mnyama huyo, anastahili zaidi ya picha ya mwaka 1977. Sili hawa walikuwa chini ya milioni 2 mwanzoni mwa miaka ya 1970. Katika miaka ya 2010 walikadiriwa kuzidi milioni 7.

Hata hivyo wavuvi wana hoja moja ninayotamani waiache: kwamba sili ndiye aliyemzuia chewa asirudi, hivyo kumwinda ni kuokoa bahari. Kwa sili wa kijivu wa kusini mwa Ghuba ya St. Lawrence ushahidi upo. Kwa chewa wa kaskazini, ambaye uvuvi wake wa kibiashara ulifunguliwa tena mwaka 2024, wanasayansi wa serikali yao wenyewe wamekuwa wakiangalia zaidi upungufu wa kapelini, dagaa anayeliwa na chewa. Aliyemaliza chewa alikuwa na nyavu. Na barafu yenyewe, ambayo sili huzalia juu yake, inazidi kupungua, jambo litakalowaumiza sili na wawindaji pamoja.

Wala utetezi huu siwezi kuuhamishia Namibia, ambako watoto wa sili ambao bado wananyonya hupigwa kwa marungu ufukweni, kwa kiwango kilichowahi kuwekwa 80,000 kwa mwaka. Kule leseni ziko mikononi mwa wachache na wanaopiga ni vibarua wa msimu. Hakuna mashua inayongoja fedha hiyo ili itoke.

Kwetu jambo hili linakuja kwa sura nyingine. Ubelgiji ilipiga marufuku mwaka 2024 kuingiza nyara za uwindaji za wanyama kadhaa walio hatarini, na mwaka huohuo Rais Masisi wa Botswana aliwatisha Wajerumani, waliotaka kubana uingizaji wa nyara hizo, kwamba angewapelekea tembo 20,000. Bunge la Uingereza nalo liliujadili muswada kama huo mwaka 2023 hadi ukakwama kwa mabwanyenye wa baraza la juu. Tanzania inauza vitalu vya uwindaji, Kenya ilifuta uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo sisi wenyewe hatuna kauli moja. Lakini vijiji vinavyopakana na vitalu hivyo vinaweza kuwauliza Brussels na London mapema swali ambalo Newfoundland ilichelewa kuliuliza: ni idadi gani, usimamizi gani na ushahidi gani utakaowatosha? Na kama jibu ni kwamba hakuna utakaotosha, waliseme sasa, kabla wanunuzi hawajaanza kuondoka.