Mume wa Mpishi Hulala na Chai Kavu

Watu wakisikia mkeo ni mpishi wa hoteli hapa Kampala, jambo la kwanza wanakutazama tumbo. Wakilikuta dogo wanakuuliza kama unaumwa. Vichwani mwao umeketi mezani kama Kabaka, mfalme wa Buganda: Jumatatu luwombo la kuku aliyeivia ndani ya jani la mgomba, Jumanne samaki ngege mzima wa kukaanga, Jumatano keki. Mdogo wangu unayemchumbia binti wa jikoni, sogea hapa kwenye benchi kabla hujapeleka mahari. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Hawakusema mume wa mfinyanzi hulia wapi. Hulia kikombeni: chai kavu, mkate wa jana.

Hesabu yenyewe si ngumu. Wa zamu ya asubuhi anaondoka saa kumi alfajiri, kwa sababu kuna mgeni atakayetaka mayai yake saa kumi na mbili kamili. Wa zamu ya jioni anashuka kwenye boda saa sita usiku, ananuka kitunguu na mafuta ya kukaangia, mikononi alama za tanuri zimepangana kama tepe za sajini. Kutwa ameonja michuzi kwa kijiko, sasa hataki hata kuona sufuria. Anataka beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi atumbukize miguu. Wa kuchemsha hayo maji unamjua. Ukithubutu kuuliza "leo tunakula nini?" utaangaliwa mpaka njaa ikimbie yenyewe.

Na usihesabu sikukuu. Krismasi, Pasaka, Idi, tarehe 3 Juni, siku ya Mashahidi wa Uganda, mahujaji wakifurika Namugongo: siku watu wanapokula ndiyo siku mpishi yuko kazini. Krismasi yenu itaangukia tarehe 27. Wazoeze watoto mapema.

Tuje kwenye visu. Katika nyumba ya mpishi kuna visu vyake na kuna kisu chako. Chako ni kile cha mpini wa plastiki, ncha imepinda, kinakata sabuni kwa shida. Vyake vimelala kwenye mkoba wa turubai, kila kimoja na mfuko wake, na wewe unapita mbali kidogo. Ukikatia nyama iliyoganda, makali yanamomonyoka vipande vipande. Ukikatia juu ya sahani au marumaru, makali yanalala. Ukikitupa kwenye beseni la vyombo, kinagongana na masufuria, na anayekuja kuosha anakutana nacho chini ya povu kwa vidole. Kisu kinakatia kwenye ubao, kinaoshwa peke yake, kinafutwa saa hiyohiyo. Siku ya kunoa nyumba inanyamaza kama msibani: jiwe la namba 1000 linalowekwa majini dakika kama 10 hadi viputo viishe, kisha jiwe la 6000 la kung'arisha, kisu kimelazwa nyuzi 15 hadi 20, mgongo umeinuka kiasi cha unene wa kidole. Ukikutwa umekifungulia mkebe wa maziwa, anza kutafuta pa kulala.

Friji nayo si friji tena, ni ofisi ya masjala. Kila bakuli lina karatasi ya gundi: maharage, Jumanne, saa 4 asubuhi. Kilichoingia kwanza kinatoka kwanza, hata kama moyo wako uko kwa kilichoingia jana jioni. Na wali! Sisi tuliokua kwa kiporo cha wali na chai, tukaenda shule, tukafaulu, leo tunaambiwa wali ulioachwa mezani usiku kucha ni hatari. Ubaya ni kwamba ana hoja. Mchele una bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemka; wali ukikaa vuguvugu zinaamka, zinatoa sumu, na sumu hiyo haitoki hata uupashe moto mpaka ufanye ukoko. Kwa hiyo wali unatandazwa kwenye sinia pana, ushuke hadi nyuzi 21 ndani ya saa mbili, kisha hadi 5 ndani ya saa nne nyingine. Wewe umesimama na sahani, unaambiwa subiri upoe, ukishapoa unaambiwa subiri upashwe.

Umeme ukikatika, majirani wanasema "bannange!" na kuwasha mshumaa. Mpishi anatazama saa. Friji isiyofunguliwa inatunza ubaridi kama saa 4, friza iliyojaa kwa saa 48, iliyojaa nusu kwa saa 24. Kila ukifungua mlango unakula muda huo. Umeingia gizani kutafuta soda, unasikia sauti kutoka chumbani: "Nani kafungua?"

Halafu kuna kelele za kazini zinazomfuata nyumbani. Jiko lenu lina upana wa mlango, lakini akipita na kikombe cha chai anapiga ukelele, "Nyuma yako! Cha moto!" kana kwamba wamepanga foleni wapishi kumi na wawili. Na usipoitikia anarudia.

Haya yote mtu angeyavumilia. Shida kubwa ni kutoka kwenda kula.

Wewe umepata vijisenti, unasema leo nampumzisha mama watoto. Mnafika. Yeye haketi, anakwenda chooni kwanza. Hana haja yoyote, anakwenda kukagua. Kwa hoja yake, choo ndicho chumba ambacho mteja anaruhusiwa kukiona. Kama hapo hakuna sabuni, basi kule nyuma usikoruhusiwa hakuna sabuni pia. Akirudi anachagua kiti kinachotazama mlango wa jiko. Wewe unabaki kutazama ukuta.

Inakuja menyu. Kurasa nane, vyakula mia. Anaifunga. Jiko la watu wanne haliwezi kupika vyakula mia, anasema, linaweza tu kuyeyusha vyakula mia. Mhudumu anapiga goti kwa adabu, nnyabo (bibi), ssebo (bwana), karibuni, na hapo mahojiano yanaanza. Matooke yameingia motoni saa ngapi? Samaki amefika leo au jana? Binti wa watu hajui, anakwenda kuuliza, anarudi baada ya robo saa: samaki kaisha. Hivi kweli ameisha, au mpishi kule ndani amesikia maswali akaogopa?

Mnaagiza matooke na mchuzi wa karanga, binyebwa. Sahani inatua, mvuke unapanda, wewe mate yanakujaa. Yeye anachukua uma, anaugeuza mgongo, anaubonyeza ukingoni mwa matooke, polepole, kama daktari anayepapasa tumbo. Yakibonyea na kubaki yamebonyea, vizuri. Yakirudi juu kama mpira, anatikisa kichwa: hayo yalipoa yakapashwa. Matooke yanamenywa na kutiwa majini yasiwe meusi, yanafungwa kwenye majani ya mgomba, yanawekwa juu ya vikonyo vilivyopangwa chini ya sufuria yasiguse maji, yanaiva kwa mvuke. Yakishalainika yanafinywa kwa mikono yakiwa bado ndani ya majani, yanarudishwa kwenye moto mdogo yatulie, saa nzima au zaidi. Maji yakizidi yanaingia ndani na matooke yanakuwa uji. Yakikauka, majani ya chini yanaungua na chakula chote kinanuka moshi. Na yakishapoa yanakaza kama mche wa sabuni, ukiyapasha ni kuyabembeleza tu. Somo zuri sana, ila wakati linatolewa ya kwako yanapoa, na yanakaza kama lilivyosema somo.

Binyebwa naye ana kesi yake. Anaanza kwa kunusa, kwa sababu karanga zilizopata ukungu zina uchungu, na sumu ya ukungu ule haiondolewi na moto wa jikoni. Kisha anatafuta mafuta juu ya mchuzi. Karanga zilizosagwa zinakorogwa kwanza na maji baridi, maana ukizitia kwenye maji ya moto zinafanya madonge. Unakoroga bila kuacha mwiko mpaka zichemke, la sivyo chini zinashika na juu zinafura na kuzima sigiri. Halafu moto mdogo, dakika 40 hivi, mpaka mafuta yenyewe yapande. Mchuzi usioonyesha mafuta haujaiva, au umenenepeshwa kwa unga. "Huu una unga," anasema, kwa sauti inayofika meza ya tatu. Meza ya tatu inaweka vijiko chini.

Chipsi, nitapita haraka maana zinaniuma. Zikija nyeusi nje na mbichi ndani, viazi vilikaa kwenye friji; baridi inageuza wanga kuwa sukari na sukari inaungua mapema. Zikija zimelowa mafuta, karai halikuwa na moto wa kutosha. Zinakaangwa mara mbili, kwanza taratibu kwenye nyuzi 140 hivi ziive, zinapumzika, kisha kwenye 180 zipate ngozi. Wewe ulitaka tu chipsi na tomato.

Akitaja luwombo ujue mtarudi nyumbani mmenuniana. Mhudumu akisema "tunakupikia sasa hivi, dakika 10," mwenzako anacheka kicheko kibaya. Jani changa la mgomba linababuliwa motoni lilainike, mshipa wa katikati unachongwa jani lisipasuke, nyama inachomwa kidogo kwanza, inafungwa na mchuzi wake, inakaa kwenye mvuke kwa saa kadhaa. Hakuna luwombo la dakika 10. Kuna luwombo lililopikwa tangu asubuhi na kuna uongo. Husimuliwa kwamba mwaka 1887 mpishi wa Kabaka Mwanga ndiye aliyebuni pishi hilo. Mimi huwa namfikiria mke wa mpishi huyo. Jioni ile Kabaka amekula akafurahi, Buganda nzima inasifu, na mama yule yuko nyumbani anachoma kiazi kitamu jivuni.

Bili ikija, yeye anaigawanya. Kazini kwake viungo vya sahani havitakiwi kuzidi theluthi moja ya bei, basi anarudi nyuma: samaki kiasi hiki, mafuta kiasi hiki, makaa, mishahara, kodi. Mwisho anakuonyesha jinsi mlivyopigwa. Hapo ndipo unapokumbuka kwamba aliyelipa ni wewe peke yako.

Kualikwa majumbani sahau. Nani atamkaribisha mpishi? Mkipita tu salamu, mama mwenye nyumba anaficha sufuria, anatoa soda na biskuti za pakiti, anaomba radhi kwa biskuti. Wewe harufu ya mulokoni, supu ya kwato za ng'ombe, umeisikia tangu getini. Wanaomtaka ni ndugu wenye kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, na hao hawamtaki mezani, wanamtaka jikoni, bure, kwa watu 300. Kilo moja ya mchele inalisha watu 8 hadi 10, kwa hiyo 300 wanataka kilo 30 hadi 38. Ndugu wamenunua 20, "utajua mwenyewe utakavyofanya, nnyabo." Atakayemenya vitunguu gunia zima ni mume wa mpishi, amekaa juu ya kreti iliyopinduliwa, amevaa kanzu yake ya sherehe, analia kama ndiye anayeozwa.

Kinachonichosha kabisa ni hiki. Baada ya ukaguzi wote huo, saa sita na nusu usiku mwenzako anakuomba mpite Wandegeya kwa kijana wa rolex, si saa ya mkononi, ni chapati iliyoviringishwa na mayai. Pale hakuna choo cha kukagua. Sigiri iko ukingoni mwa lami, boda zinapita na vumbi. Kijana anavunja mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki, kitunguu, kabichi iliyokatwa nyembamba kama uzi, chumvi mwisho kabisa, maana ikiwahi mboga zinatoa maji na yai linakataa kushikana. Anapiga, anamimina kwenye kikaango cha moto, linachemka pembeni. Kabla uso wa yai haujakauka anabandika chapati juu, ligande nayo. Akichelewa vitaachana na rolex itafunguka mkononi. Anageuza, anapanga nyanya mbichi, anaviringisha. Wewe mjinga unauliza mafuta yale yamebadilishwa lini. "Nyamaza ule," anajibiwa mtu. Naye anatafuna amesimama, macho kayafumba, anamwambia kijana ongeza nyingine, mayai matatu.

Ya pili inamshinda. Asubuhi unaamka na njaa, kitanda kitupu, zamu imeshamchukua. Kwenye friji kipande kipo, kimebandikwa karatasi: rolex, Alhamisi, saa 6:40 usiku, kipashwe hadi nyuzi 75 katikati. Kipimajoto ameondoka nacho.