Unalia kweli au unatangaza pambano?

Wanamieleka wa WWE, ile kampuni ya Marekani ya mieleka ya maonyesho, wananichosha na malalamiko yao ya usiku wa manane mtandaoni. Mtu anaandika "nimechoka kusugua benchi", anatupia na emoji ya saa ya mchanga, kufika asubuhi kafuta. Sisi huku roho juu: anaondoka? Mkataba umeisha? Siku si nyingi, kumbe lilikuwa tangazo la pambano!

Lawama namtupia mwanamieleka mwenzao, CM Punk. Juni 2011 alikaa chini pale jukwaani, miguu kaikunja, kipaza sauti mkononi, akawachana mabosi wake hadi sauti ikakatwa. Ilinoga, sikatai. Ila yule alikuwa na la kusema. Hawa wa sasa wanaweka nukta tatu tu, na ukiuliza kulikoni, unablokiwa.