Reki tisa zisitupofushe

Juzi kwenye grupu jamaa katupia ile klipu ya katuni ya The Simpsons, yule mhalifu Sideshow Bob anakanyaga reki, inampiga usoni, anageuka anakanyaga nyingine, halafu chini kaandika "episodi bora ya Jon Vitti, mjadala umefungwa". Vitti ni mmoja wa waandishi wa katuni hiyo, sawa, lakini mjadala umefungwa na nani? Niliandika ujumbe mrefu pale nikafuta, nikaona bora nije kumwaga huku.

Haya, episodi yenyewe ya reki, Cape Feare ya 1993, inachekesha, hilo siwezi kubisha. Lakini zile reki zilifika tisa kwa sababu episodi ilitoka fupi wakawa wanatafuta cha kujazia. Sasa kumsifia Vitti kwa hilo ni sawa na kwenda kwa mama ntilie ukala pilau sahani nzima halafu ukamsifia kachumbari.

Pilau yenyewe ni episodi yake nyingine, Lisa's Substitute, Aprili 1991. Miss Hoover, mwalimu wa binti Lisa Simpson, kajiaminisha ana ugonjwa wa Lyme, anaingia Bwana Bergstrom kushika darasa, sauti ni ya Dustin Hoffman ambaye kwenye majina ya mwisho kajiita Sam Etic, sijui aliona aibu kuonekana kwenye katuni. Lisa kapata mtu mzima anayemsikiliza, ile anaanza kuzoea tu, mwalimu huyo anaondoka, keshafika kwenye treni, anamwachia kikaratasi akisome siku akijiona yuko peke yake. Lisa anafungua: "Wewe ni Lisa Simpson." Basi, hakuna kingine.

Mliosoma shule za kata mnamjua mwalimu wa field. Wetu alifundisha Fizikia kidato cha pili, wiki nane tu, alikuwa anatuita kwa majina wakati wale wa siku zote walikuwa wanatuita "wewe wa nyuma". Siku anaondoka tulimsindikiza mpaka stendi, begi moja limebebwa na watu sita. Kikaratasi hatukupewa, tulipewa namba ya simu, na baada ya mwezi haipatikani. Niambie reki inaingiaje hapo.

Na kinachonimaliza wala sio kikaratasi, ni Homer, baba yake Lisa. Lisa kamwita nyani mbele ya watu, mkewe Marge anamsukuma akaongee na mtoto, jamaa anapanda juu hana hotuba wala nini, anasema hawezi kudanganya, yeye hajawahi kupoteza mtu wa maana kwake kwa sababu wa maana wote wako chini ya paa hili. Halafu anajifanya nyani kweli mpaka mtoto anacheka! Akitoka hapo anamtuliza mwanawe Bart aliyeshindwa uchaguzi wa darasa, anamalizia kwa kitinda mimba Maggie, kisha anamwambia Marge waende kulala maana hajawahi kuwa na bahati hivyo. Nilikuwa mtoto nikadhani ni kichekesho. Sasa hivi nina binti wa miaka saba, sicheki.

Vitti ana nyingine pia: episodi ya Mr. Plow yake, Radio Bart yake, ile ya watoto kupelekwa kwa jirani Flanders yake pia. Zile episodi za kuunganisha vipande vya zamani akaanza kujiandika kwa jina bandia la Penny Wise, heshima kidogo ilikuwepo. Ndiyo, na filamu ya Alvin and the Chipmunks ya 2007 ana mkono wake, najua, msinikumbushe, kodi ya nyumba hailipwi kwa vikaratasi.

Yule jamaa wa kwenye grupu nimemtumia ile ya 1991. Kasema ataicheki wikiendi, na wikiendi zimeshapita mbili.