Hema la mteja na hema la fukara

Kwa miaka mingi nchini Marekani, kila ilipokaribia Alhamisi ya nne ya Novemba, siku ambayo familia hukaa mezani kula bata mzinga na kushukuru, mahema yalianza kuchomoza mbele ya maduka makubwa ya bei nafuu. Kesho yake ni Black Friday, siku ya punguzo. Wapo waliopiga kambi siku mbili tatu, na wapo waliokaa wiki nzima na zaidi, ili mlango ukifunguliwa wawe wa kwanza kuingia. Waandishi wa habari waliwafuata na kamera: umetoka wapi, unataka kununua nini, baridi hii huiogopi? Watu waliwatazama kwenye televisheni wakacheka, wakaona ni kichaa kidogo, lakini kichaa cha kupendeza.

Sasa chukua hema lilelile, lisimamishe kando ya barabara ileile, ila ndani yake umweke mtu ambaye hakuja kununua kitu. Huyo hatapata kamera. Atapata polisi, karatasi ya faini, na gari la manispaa la kuzoa vitu vyake. Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na kila nikilitazama naliona lilelile: Marekani inaweza kabisa kumvumilia mtu anayelala nje. Isichomvumilia ni kulala nje akiwa hana hela ya kutumia asubuhi.

Mwenye kutaka ushahidi asome kesi ya Grants Pass, mji mdogo wa watu kama 38,000 kusini mwa jimbo la Oregon. Mji huo ulikuwa na watu wapatao 600 wasio na makazi. Haukuwa na hifadhi ya umma ya kulala. Ilikuwepo ya misheni ya kidini, yenye masharti yake, mojawapo likiwa kuhudhuria ibada. Sheria ndogo za mji zilipiga marufuku kupiga kambi kwenye maeneo ya umma, na kambi ilikuwa na maana pana mno: hata blanketi au mfuko wa kulalia ulitosha, mradi umewekwa kwa nia ya kupafanya pale mahali pa kuishi kwa muda. Faini ilikuwa dola 295. Usipolipa ilipanda hadi 537.60. Aliyerudia alipigwa marufuku bustanini, na aliyekaidi marufuku hiyo aliweza kufungwa jela hadi siku 30.

Rudia tena yale maneno ya sheria: kwa nia ya kupafanya mahali pa kuishi. Polisi wa mji huo walieleza katika kesi kwamba mtu aliyekuja bustanini na mfuko wa kulalia kutazama nyota hana kosa. Blanketi ni lilelile na nyasi ni zilezile. Kinachompa mmoja usalama ni kwamba ana nyumba ya kurudi, na kinachomtia mwenzake hatiani ni kwamba hana. Aliyejipanga mbele ya duka kusubiri runinga ya bei poa ana nyumba pia, tena runinga anainunua kuipeleka huko, kwa hiyo yeye ni mtazama nyota wa aina yake.

Tarehe 28 Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani iliuunga mkono mji wa Grants Pass, majaji 6 kwa 3. Jaji Sonia Sotomayor, mmoja wa wale watatu, aliandika kwamba usingizi ni hitaji la mwili, si uhalifu. Mwezi mmoja baadaye gavana wa California alitoa amri ya kuharakisha kuondoa kambi za watu wasio na makazi, na miji mingi imefuata njia hiyohiyo.

Haya ya mahakamani nisingeyaelewa vizuri kama nisingeiona foleni moja kwa macho yangu. Ilikuwa Portland, mwaka 2018, alasiri ya ile Alhamisi yenyewe. Oregon haitozi kodi ya mauzo, kwa hiyo magari yenye namba za jimbo jirani la Washington yalikuwa yanavuka Mto Columbia mchana kutwa kuja kununua upande huu. Mbele ya duka moja kubwa palikuwa na mahema, viti vya kukunja, majiko madogo ya gesi, watoto wamefunikwa mablanketi hadi puani. Mvua ya rasharasha ilikuwa hainyeshi wala haikati. Meneja alitoka na kahawa ya moto akawagawia. Mlinzi aliwaruhusu kuingia ndani kwenda chooni, wawiliwawili, bila kelele.

Kisha akaja mwanamume wa makamo anasukuma toroli iliyofunikwa turubai. Alikuwa anaokota makopo, maana Oregon kila kopo tupu la soda ukilirudisha unalipwa senti 10, na foleni ndefu ni makopo mengi. Watu wa foleni hawakumfukuza. Dada mmoja aliyevaa kofia ya sufu alimkusanyia makopo ya kundi lake lote kwenye mfuko mmoja, akampa na kipande cha mkate wa maboga, wakazungumza kidogo. Yule bwana alipomaliza alimwendea mlinzi akaomba kuingia chooni. Mlinzi akamjibu kwa upole, huku akitazama pembeni: "Samahani bwana, vyoo ni vya wateja tu."

Duka lilikuwa bado halijafunguliwa. Hakuna hata mtu mmoja pale aliyekuwa ameshanunua kitu. Walikuwa wateja kwa sababu walionekana kama watu watakaokuwa wateja, na yeye hakuonekana hivyo. Alisukuma toroli yake akaondoka, na sijui alijisaidia wapi. Wale wanaolalamika kwamba watu wasio na makazi wanachafua miji wangeanza kujiuliza hapo.

Utaniambia eneo la duka ni mali binafsi, na mwenye mali ana haki ya kumkaribisha amtakaye. Ni kweli. Lakini foleni hizo mara nyingi hufurika hadi kwenye njia ya umma ya waenda kwa miguu, na huko pia hazikuguswa. Halafu mwenye mali akitaka kuwa mkarimu anaweza, maana tumeona. Maduka mengi ya Walmart kwa miaka mingi yamewaruhusu wasafiri wenye magari ya kulala ndani kuegesha usiku, meneja akiridhia. Kati ya magari hayo yamo ya watu ambao hawasafiri kwenda popote. Wana kazi, wana sare za kazi zimetundikwa dirishani, wana watoto wanaoamshwa gizani kuwahi shule, na nyumba yao ni gari. Wanajua maegesho yapi wataachwa walale na yapi watagongewa kioo saa nane za usiku.

Kuna kisa kimoja ambacho mimi naona kinamaliza ubishi. Septemba 2013, simu mpya ya iPhone ilipokuwa inaingia sokoni, mfanyabiashara mmoja alikwenda katikati ya Los Angeles, kwenye mitaa wanakolala watu wasio na makazi, akawachukua makumi kwa makumi kwa magari hadi mji wa Pasadena, wakapange foleni usiku kucha nje ya duka la Apple. Aliwaahidi dola 40 kila mmoja. Kazi yao ilikuwa kushika nafasi na kumnunulia yeye simu za kwenda kuuza. Watu walewale ambao usiku uliotangulia walikuwa kero kwenye lami ya Los Angeles, usiku ule walikuwa halali kwenye lami ya Pasadena, kwa sababu walibeba pesa ya mtu mwingine. Asubuhi mambo yaliharibika: duka lilishtukia mpango, wengi hawakulipwa, na yule mfanyabiashara alipozingirwa na watu wenye hasira polisi walimsindikiza akaondoka. Waliobaki walikuwa mbali na mtaa wao, bila nauli, na bila ruhusa tena ya kukaa pale walipokaa usiku kucha. Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema, na hapa haukuruhusiwa hata kulala.

Simlaumu mtu wa foleni, na makala zinazomcheka hunikera. Wengi wa wanaojipanga usiku kwa ajili ya kompyuta ya mtoto au mashine ya kufulia ni watu wa kipato cha chini, ambao bei ya kawaida hawaiwezi. Tajiri halali nje. Hununua siku yoyote anayotaka. Pupa ile hutengenezwa kwa makusudi. Tangazo linaonyesha runinga kubwa kwa bei ya kutupwa, na chini kwa herufi ndogo kabisa limeandikwa kwamba kila duka lina chache tu. Ukiziweka runinga chache mbele ya mamia ya watu waliokesha kwenye baridi, unajua kitakachotokea.

Kilichotokea Valley Stream, New York, alfajiri ya tarehe 28 Novemba 2008, kinajulikana. Watu wapatao 2,000 walikuwa wamekusanyika nje ya Walmart. Saa kumi na moja alfajiri milango ilivunjika kwa msukumo wao, na mfanyakazi wa muda, kijana wa miaka 34 aliyewekwa mlangoni kuwazuia, akakanyagwa hadi kufa. Idara ya serikali inayosimamia usalama kazini, OSHA, iliitoza kampuni faini ya dola 7,000, kiwango cha juu kilichoruhusiwa kwa kosa la aina hiyo. Mauzo ya kampuni hiyo kwa mwaka yalikuwa zaidi ya dola bilioni 400. Hata hizo 7,000 ilizipinga kwa miaka.

Linganisha na ile 295 ya Grants Pass. Kima cha chini cha mshahara cha serikali ya shirikisho ni dola 7.25 kwa saa, na hakijapanda tangu 2009. Anayefanya kazi saa 40 kwa wiki kwa kima hicho anapata dola 290 kabla ya makato. Oregon yenyewe hulipa zaidi, lakini kwenye majimbo mengi ambako kima hicho bado kinatumika, faini kama hiyo ingeimeza wiki nzima ya jasho na bado ikadai dola 5 juu yake. Na deni hilo ambalo halijalipwa ndilo linalomfuata mtu pale anapotafuta nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba akichunguza madeni yake anamkataa.

Baada ya kifo cha Valley Stream, OSHA ilitoa mwongozo kwa wenye maduka namna ya kushughulikia umati wa siku za punguzo: vizuizi, walinzi waliofundishwa, namba za foleni. Miongoni mwa mapendekezo hayo kuna moja ambalo kila nikilikumbuka nashindwa kunyamaza. Linasema pale inapofaa watu wa foleni wapewe vyoo, sehemu za kunawa, maji na mahali pa kujikinga. Kumbe serikali inajua vizuri kabisa binadamu anayekesha nje anahitaji nini. Iliyaandika yote manne, na ikamwandikia mwenye duka ayatoe kwa mtu aliyelala nje usiku mmoja kwa hiari yake.

Januari 2024, katika hesabu ya usiku mmoja inayofanywa kila mwaka chini ya Wizara ya Nyumba, watu 771,480 walikutwa hawana makazi nchini Marekani. Ni ongezeko la asilimia 18 kwa mwaka mmoja. Wakati huohuo mahema ya wateja yamepungua sana. Tangu janga la korona mwaka 2020 maduka makubwa kadhaa hufunga siku ya Shukrani, na ofa zimehamia kwenye simu, mtu anakesha kitandani kwake akibonyeza kioo. Waliobaki nje ni wale wasio na kitanda, na sasa hakuna tena hema la jirani la kulinganisha nalo. Naogopa kwamba hilo litamrahisishia kila diwani anayetaka kusema kuwa hema kando ya barabara ni hatari kwa afya na haliwezi kuvumilika. Limevumiliwa, tena kila Novemba, na likapelekewa kahawa.

Njia zipo na zimeshajaribiwa. Santa Barbara, California, tangu 2004 kuna mpango wa kuwapa wanaoishi kwenye magari mahali salama pa kuegesha usiku, pamoja na mtu wa kuwasaidia kutafuta nyumba. Houston, Texas, mji mkubwa usiojulikana kwa huruma kwa maskini, umepunguza idadi ya wasio na makazi kwa zaidi ya asilimia 60 tangu 2011. Ulifanya jambo ambalo ukilieleza linaonekana jepesi: mashirika yalikubali kufuata mpango mmoja, mtu akapewa nyumba kwanza, na matatizo yake mengine, yawe ulevi, ugonjwa au madeni, yakashughulikiwa akiwa ndani, mlango umefungwa na ufunguo uko mfukoni mwake.

Hilo linahitaji pesa na miaka. Vyoo havihitaji miaka. Kampuni zinazokodisha vyoo vya kuhamishika zipo katika kila mji wa Marekani, na maduka yenyewe yamewahi kuvikodi kwa ajili ya foleni. Mabaraza ya miji yanayokaa sasa kupitisha faini za kulala nje yangeweza kuanza kwa kuchukua ule mwongozo wa OSHA kama ulivyo, wenye vyoo, maji, sehemu ya kunawa na mahali pa kujikinga, na kufuta ndani yake neno mteja.